Maili 41,000 za Dubai na safari ya bi mkubwa

Msomaji wetu mwenye duka la mabuibui na madera, Barabara ya Biashara, Mombasa, anauliza:

"Assalaam aleikum kaka. Mimi huenda Dubai kuchukua mzigo mara tatu au nne kwa mwaka. Zamani nikienda na Emirates kupitia Nairobi, siku hizi naenda na flydubai moja kwa moja kutoka hapa. Nina maili 41,000 za Skywards, zile pointi ambazo Emirates na flydubai huwapa wasafiri wao. Dada yangu anaishi Sharjah na anatarajia kujifungua katikati ya mwezi wa nane, na mama anataka kwenda kumlea mzazi mpaka arobaini ipite. Nikasema nitamkatia tiketi ya bure. Lakini kila tarehe ninayotia naambiwa hakuna nafasi, na ndege yenyewe naona bado inauza viti. Siku moja nafasi ilitokea, nikatakiwa nilipe pesa juu ya maili. Sasa bure ni ipi? Na maili 17,000 kati ya hizo zinakufa mwisho wa mwezi wa saba. Kuna bwana mmoja ananishawishi nimuuzie zote kwa shilingi 16,000 nimalize. Mume wangu naye ana maili za Ethiopian. Je, hazichanganyiki na zangu? Nishauri."

Waaleikum salaam, dada yangu. La kwanza, huyo bwana usimuuzie. Sababu nitakupa mbele. La pili, maili zako zinaweza kumfaa bi mkubwa, mama yako, ila usizitumie kwa safari ya kwenda. Zitumie kwa safari ya kurudi, na tiketi hiyo uikate kabla ya mwezi wa saba kwisha. Hilo ndilo jibu langu. Yanayofuata ni kukuonyesha nimelipataje, ili hata ukijikusanyia nyingine mwakani ujue pa kuanzia.

Nianze na hili linalowaudhi wateja kuliko jingine lolote: ndege ina viti, maili ninazo, mbona naambiwa hakuna nafasi? Wengi wetu tunaziona maili kama pointi za Bonga kwenye simu, kwamba zikishaingia ni zako na unazitumia siku unayotaka. Maili haziendi hivyo. Maili ni haki ya kuomba kiti ambacho shirika la ndege linaona halitakiuza. Mpango wenyewe ulizaliwa hivyo Marekani. Sheria ya Oktoba 1978 iliyaachia mashirika ya huko kujipangia nauli na njia zao, ushindani ukawa mkali, na Mei 1981 American Airlines ikaanzisha AAdvantage: mteja anayerudi anahesabiwa maili, na maili zinamlipa kwa kiti. United ikafuata siku chache baadaye, kisha wengine duniani kote. Kiti ambacho kingeruka kitupu hakimgharimu mwenye ndege ila mafuta kidogo na chakula kidogo. Kiti ambacho mtu angekinunua kwa shilingi 40,000, ukikitoa kwa maili umepoteza shilingi 40,000. Kwa hiyo kila shirika lina watu na mitambo ya kukadiria usiku na mchana, kwa kila safari, ni viti vingapi vitabaki mwisho.

Laiti ungeiona skrini ya ajenti ungeelewa mara moja. Kwetu sisi maajenti wa tiketi ndege haionekani kama chumba chenye viti 160. Inaonekana kama mstari wa herufi na tarakimu, mfano huu: Y9 B9 M9 H7 Q4 X0. Kila herufi ni fungu la viti lenye bei na masharti yake. Tarakimu ni idadi ya viti vilivyobaki katika fungu hilo, na 9 maana yake ni tisa au zaidi. Katika mashirika ya muungano wa Star Alliance, X ndilo fungu la viti vya maili kwa daraja la kawaida. Sasa uangalie mstari huo tena: Y ina tisa, B ina tisa, ndege inauza kama kawaida, lakini X ni sufuri. Mteja amesimama mbele yangu, amebeba maili zake, na ndege haijajaa hata nusu, lakini kwake yeye imejaa. Kesho yake X inaweza kuwa 2, kwa sababu mtambo umekadiria upya usiku. Herufi hutofautiana shirika kwa shirika, lakini utaratibu ni huohuo kwa Skywards yako.

Kwa Emirates yenyewe kuna aina mbili za tiketi za maili unazopaswa kuzijua. Ile ya Saver hutaka maili chache, na viti vyake ni vichache. Ile ya Flex Plus hutaka maili nyingi zaidi lakini hupatikana kwa wepesi na hubadilishika bila taabu nyingi. Mara nyingi mtu akiniambia "hakuna nafasi" huwa ametazama aina moja tu.

Kwa hiyo, dada, kosa lako ni dogo na ni la watu wengi: ulianza na tarehe ndipo ukaomba kiti. Geuza. Tafuta kiti kwanza, kisha tarehe iifuate. Wazee wetu waliosafiri na majahazi hawakujiamulia mwezi wa kwenda Arabuni. Walingojea kusi iwapeleke na kaskazi iwarudishe, na aliyepitwa na msimu alikaa akingoja mwingine. Viti vya maili navyo vina misimu yake. Mashirika mengi hufungua ratiba kiasi cha miezi 11 kabla ya safari, na hapo ndipo viti vya maili huwa vingi. Kisha katikati hukauka. Halafu, wiki mbili za mwisho, vile ambavyo shirika limekata tamaa ya kuviuza hurudishwa, wakati mwingine kwa wingi. Jumanne na Jumatano huwa na nafuu kuliko Alhamisi na Ijumaa. Siku za kuelekea Idi, shule zikifungwa na zikifunguliwa, na wiki mbili za mwisho wa Desemba, usihangaike.

Sasa tuichukue safari ya bi mkubwa. Kujifungua kunatarajiwa katikati ya mwezi wa nane, na mtoto hana kalenda: huenda akaja wiki mbili mapema. Maana yake ni kwamba safari ya kwenda ndiyo yenye tarehe ngumu, na ndiyo inayoweza kubadilika ghafla kwa simu moja ya usiku. Tena mwezi wa nane watu wanaoishi Dubai wanarudi kutoka likizo kwa sababu shule za huko hufunguliwa mwisho wa mwezi huo. Ndege za kwenda Dubai zinajaa watu wanaolipa pesa taslimu. Ukiomba kiti cha maili upande huo, unashindana na walipaji.

Upande wa kurudi ni mwingine kabisa. Tuseme mtoto anazaliwa tarehe 15 Agosti. Arobaini inaangukia tarehe 24 Septemba hivi. Bi mkubwa anaweza kurudi siku yoyote kuanzia hapo mpaka wiki ya kwanza ya Oktoba. Una siku kumi za kuchagua, si siku moja. Shule zimeshafunguliwa huku na huko, wafanyabiashara wa mwisho wa mwaka hawajaanza, na ndege zinazotoka Dubai kuja Mombasa huwa na hewa. Huko ndiko kiti chako kilipo.

Kwenda, mkatie tiketi ya pesa ya upande mmoja. Hapa una bahati ya kusafiri na flydubai, kwa sababu shirika la aina hiyo huuza upande mmoja kwa bei ya upande mmoja. Mashirika makubwa mengi hukuuzia upande mmoja kwa bei inayokaribia ya kwenda na kurudi, na huko mpango huu usingefaa kitu. Usinunue ile nauli ya chini kabisa inayoitwa Lite. Haina begi la kupakia, na kubadilisha tarehe kwake ni ghali. Bi mkubwa hatakwenda mikono mitupu kwa mzazi: pana iliki na pilipili manga za uji, pana halua, pana nguo za mtoto alizoshona mwenyewe. Nunua nauli inayokubali kubadilishwa tarehe, hata ikizidi kidogo. Mtoto akija mapema, utaishukuru hiyo tofauti. Na kabla ya kulipa kwa maili upande wa kurudi, angalia pia kilo za mzigo zilizoandikwa kwenye tiketi hiyo. Watu wengi husahau kwamba tiketi ya maili nayo ina masharti yake ya mzigo.

Na viza. Wakenya tunahitaji viza kuingia Falme za Kiarabu, na za kutembelea huwa za siku 30 au 60. Ukimwombea ya siku 30 kwa kuona ni rahisi, arobaini itamkuta ameshapitiliza, na faini huhesabiwa kwa siku. Mwombee ya siku 60. Akiingia tarehe 8 Agosti, siku 60 zinamfikisha mwanzo wa Oktoba, sawasawa na dirisha letu la kurudi. Jambo jingine: kwenye kaunta hapa uwanja wa Moi ataulizwa tiketi ya kurudi. Tiketi ya maili ni tiketi kamili, ina namba yake, inakubalika. Lakini kwa kuwa umekata mara mbili, zitakuwa karatasi mbili tofauti, na mtu wa kaunta ataona ya kwenda peke yake. Zichape zote mbili, umtilie kwenye bahasha moja na pasipoti. Nimewaona kina mama watu wazima wakitetemeka pale kaunta wakitafutiwa tiketi ya kurudi kwenye simu ya mtoto aliyebaki nje ya mlango. Usimfanyie hivyo mama yako.

Sasa kuhusu bure. Uliloliona ni kweli, na hukudanganywa: maili hulipa nauli, hazilipi kila kitu. Tiketi yoyote ina nauli, ina kodi na ada za serikali na viwanja, na mara nyingi ina nyongeza ambayo shirika lenyewe limejiwekea. Kodi na ada shirika hukusanya kwa niaba ya wengine. Hapa Kenya, kwa mfano, ada ya abiria kwa miaka mingi imekuwa dola 50 kwa safari ya nje na shilingi 600 kwa ya ndani, na huwa imo ndani ya bei ya tiketi hata kama hukuiona. Hiyo hutaikwepa. Ile nyongeza ndiyo ya kuangalia kwa jicho kali. Kwenye tiketi huandikwa kwa herufi YQ au YR, na ni pesa ya shirika, wala si ya serikali. Mashirika mengine hayaitozi kabisa kwenye tiketi za maili, mengine huitoza mpaka ukajiuliza maili zimefanya kazi gani. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kulipa, fungua mchanganuo wa bei usome mstari kwa mstari.

Kisha upige hesabu hii, ambayo mimi huifanya na kila mteja kwa kalamu. Chukua bei ya pesa ya safari ileile, siku ileile. Toa pesa unazotakiwa kulipa juu ya maili. Kinachobaki gawanya kwa idadi ya maili. Tuseme kiti kinauzwa shilingi 32,000, na kwa maili kinataka maili 20,000 na shilingi 9,500. Toa 9,500 kwenye 32,000, inabaki 22,500. Gawanya kwa 20,000: kila maili imekuletea shilingi moja na senti 12 hivi. Hiyo ni nzuri. Sasa tuseme ni msimu wa utulivu, kiti hichohicho kinauzwa shilingi 21,000, na maili na ada ni zilezile. Inabaki 11,500, kila maili imekuletea kama senti 58. Hizi ni namba za mfano. Za safari yako utazipata kwenye kikokotoo cha maili kilichomo kwenye tovuti ya Emirates, na uziangalie siku yenyewe ya kukata kwa sababu hubadilika.

Utaniuliza: kama Septemba nauli ni nafuu, basi maili zangu nimezitumia rahisi? Ndiyo, kwa hesabu tupu. Kama maili zako zote zingekuwa na miaka miwili mbele, ningekwambia ulipe pesa Septemba na maili uziweke kwa safari ya bei kali. Lakini 17,000 zinakufa, na maili iliyokufa haina hata senti moja. Kiti cha maili upande wa kwenda huna uhakika wa kukipata. Basi zitumie pale zinapokubalika.

Hapo kwenye kufa nataka nikae kidogo, kwa maana ndipo watu wa Mombasa wanapopoteza zaidi kuliko mahali pengine popote. Maili za Skywards huishi miaka mitatu, kisha hufa mwisho wa mwezi uliozaliwa wewe mwenye akaunti. Ndiyo maana kwako ni mwezi wa saba. Lakini sikiliza vizuri: kinachotakiwa ni tiketi ikatwe kabla maili hazijafa. Safari yenyewe inaweza kuwa baadaye. Kwa hiyo ukikata mwezi wa sita tiketi ya mwisho wa Septemba, maili zako 17,000 zimefanya kazi yake zingali hai. Mtambo hutumia kwanza zile zilizo karibu kufa, kwa hiyo huna haja ya kuzichagua. Hatari iko hapa: ukiivunja tiketi mwezi wa nane ili ubadilishe, maili zinarudi kwenye akaunti, na zile ambazo tarehe yake imeshapita zinarudi zikiwa mfu. Kwa hiyo tarehe ya kurudi ichague kwa uangalifu, itie mwisho mwisho wa dirisha, tuseme kati ya tarehe 29 Septemba na 4 Oktoba, ili hata mtoto akichelewa wiki nzima usilazimike kuigusa.

Ukikosa nafasi kabisa mpaka mwezi wa saba ukaribie kwisha, Skywards hukubali mtu alipie kuongeza muda wa maili. Ifikirie kwa hesabu ileile ya kalamu: kama ada ya kuongeza muda inakaribia thamani ya maili zenyewe, ziache. Ipo pia njia ya kulipia tiketi nusu kwa maili nusu kwa pesa. Inavutia kwa sababu haitafuti kiti cha maili, inapunguza bei ya kiti chochote kinachouzwa. Lakini kila nikiipigia hesabu, thamani ya maili hushuka sana. Niite hiyo njia ya mwisho, ya wiki ya mwisho ya mwezi wa saba.

Huenda ukaona kiti cha maili kwenye Emirates yenyewe na usikione kwenye flydubai, kwa kuwa mpango wa maili ni mmoja tangu 2018. Emirates haitui Mombasa, inatua Nairobi. Kwako wewe mwenye miguu myepesi si taabu: unapanda SGR pale Miritini, na tangu Januari 2024 daraja la kawaida ni shilingi 1,500 na la kwanza 4,500, unashuka Nairobi, unatafuta gari la kwenda uwanja wa ndege. Kwa mama mtu mzima mwenye mabegi mawili ni safari ndani ya safari. Na liko jambo la hatari kuliko uchovu. Treni, au ndege ya Mombasa kwenda Nairobi uliyoikata peke yake, si sehemu ya tiketi ya Emirates. Ikichelewa, ndege ya Dubai haimngojei, na tiketi ya maili iliyopotea kwa kutofika mara nyingi haina marejesho. Upande wa kurudi hatari hiyo ni ndogo, kwa maana akifika Nairobi ameshafika nyumbani, iliyobaki ni kumpokea. Kwa hiyo Nairobi iwe akiba ya kurudi tu, kama Mombasa moja kwa moja imeshindikana na yuko mtu wa kumpokea kule. Kumpandishia Nairobi wakati wa kwenda mimi nakataa.

Nije kwa bwana wa shilingi 16,000. Gawanya kwa maili 41,000, anakupa senti 39 kwa kila maili. Hata ile hesabu yetu ya msimu wa utulivu imeishinda. Lakini bei siyo inayonitia hofu. Masharti ya mipango hii yote yanakataza kuuza maili, na mashirika yanao watu wa kutazama. Dalali anachofanya ni kuchukua namba yako na neno lako la siri, aingie, amkatie tiketi mtu usiyemjua, kutoka nchi ambayo hujawahi kufika. Mtambo unaliona hilo mara moja. Akaunti hufungwa, maili zilizobaki hufutwa, na yule abiria mgeni anazuiwa uwanjani ilhali jina linalotafutwa ni lako. Na neno la siri ulilompa, kama ndilo unalotumia kwenye barua pepe, umempa nyumba nzima. Mteja wangu mmoja wa hapa mjini aliuza hivyo, akalipwa nusu, nusu nyingine hakuiona, na akaunti aliyoijaza kwa miaka sita ikafungwa. Alikuja kwangu nimwandikie barua ya kuomba msamaha. Tuliiandika pamoja, haikusaidia. Kama umeshampa huyo bwana neno lako la siri hata kwa "kuangalia tu", libadilishe leo, kabla ya kumaliza kusoma haya.

Kumkatia mama yako ni jambo jingine kabisa, na linaruhusiwa. Tena Skywards ina mpango wa familia, ambapo watu wa nyumba moja mpaka wanane hutia maili zao kwenye mfuko mmoja. Wewe, mumeo, watoto, na bi mkubwa mwenyewe. Mtoto anayekwenda Dubai mara moja kwa miaka mitatu, peke yake maili zake hufa zikiwa chache. Kwenye mfuko wa nyumba zinajaliza pengo.

Kuhusu maili za mumeo: za Ethiopian zinaitwa ShebaMiles, na haziwezi kumwagwa kwenye Skywards. Emirates haimo katika muungano wowote kati ya mikubwa mitatu. Ethiopian imo Star Alliance tangu 2011, pamoja na Turkish, na uzuri wake ni kwamba zote mbili zinatua hapa Mombasa. Yaani maili za mumeo zinaweza kukata kiti cha Turkish kwenda Istanbul, na akisafiri na Turkish anaweza kuziandikisha safari hizo kwenye ShebaMiles yake. Kwa nyumba yenu mimi ningeziona ShebaMiles kama mfuko wa umra: Mombasa, Addis Ababa, Jeddah, tiketi moja, mzigo unafika mwenyewe. Kama kuna mtu nyumbani anayeruka na Kenya Airways, huyo yuko SkyTeam, kwa mpango wa Asante Rewards siku hizi badala ya Flying Blue ya zamani, na Saudia imo muungano huohuo. Usifungue akaunti kila shirika unalopanda. Chagua kwa kutazama ndege zinazotua Port Reitz, hapo uwanja wa Moi, na mnakokwenda mara kwa mara: kwenu ni Skywards kwa biashara na Sheba kwa ibada, basi.

Lililobaki ni la jina, na naliomba ulifanye wiki hii. Mfungulie bi mkubwa akaunti yake ya Skywards kabla hujakata tiketi ya kwenda, ili safari ile ya pesa imwingizie maili. Liandike jina lake herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti. Watu wa pwani majina yetu yana sura nyingi: kitambulisho kinasema Fatuma, pasipoti inasema Fatma, nyumbani ni Mwanafatu. Jina la babu mara lipo mara halipo, na Abdalla mara ina h mara haina. Mtambo haujui kwamba ni mtu mmoja. Alinijia mzee mmoja wa Mji wa Kale, safari tatu hazikuingia maili hata moja kwa sababu ya herufi moja na jina la babu lililokosekana. Alikuwa amehifadhi pasi zake za kupandia ndege kwenye kopo la halua, zote, kwa tarehe. Tulipolifungua, karatasi mbili kati ya tatu zilikuwa nyeupe tupu. Karatasi zile huchapwa kwa joto, na joto la Mombasa likazifuta. Shirika lilikubali ile moja iliyosomeka tu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na yule mzee daftari alikuwa nalo, wino ndio uliomkimbia.

Kwa hiyo bi mkubwa akishapewa pasi yake kaunta, aipige picha kwa simu au aombe mtu wa pale ampigie, jina na namba ya tiketi vionekane. Dada yako afanye vivyo hivyo siku ya kumrudisha. Maili zisipoingia baada ya wiki mbili, peleka madai mara moja na picha hizo, kwa maana mashirika mengi hayapokei madai ya maili baada ya miezi sita.